Shangazi, tuuze kiwanja cha mama nikasome Uingereza?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 28, naishi Muheza na mama yangu na mwanangu wa miaka 4. Nilisoma historia shahada ya kwanza, nikamaliza na GPA ya 3.8. Ajira ya ualimu sikupata, nikaangukia kwenye miradi ya utafiti wa malaria kama mkusanya takwimu. Mikataba ni ya miezi mitatu, mara sita, unakaa, unaitwa tena. Ukijumlisha yote ni miaka miwili na ushee. Kazi yenyewe ni kupita nyumba kwa nyumba na kishikwambi, nauliza maswali, na mwenzangu wa maabara anatoboa kidole na kuchukua damu.

Huko ndiko nilikopata kitu ninachotaka kukisomea. Watu wanatukwepa. Wengine wanatuita mumiani kwa utani, wengine hawatanii. Nataka nifanye masta juu ya hofu hiyo, ilitoka wapi na kwa nini haiishi.

Tatizo ni pesa. Mwalimu wangu wa historia ameniambia mada hii ni ya watu wa afya, huko ndiko kwenye hela. Daktari mmoja wa mradini nilipomweleza alicheka, akasema hizo ni hadithi, nije na kitu kinachopimika. Bodi ya Mikopo nimeambiwa nisijisumbue. Nimeomba ufadhili mara mbili, nimekosa mara mbili, bila hata kuambiwa kosa langu.

Sasa chuo kimoja cha Uingereza kimenipa nafasi ya masta ya mwaka mmoja. Ada ni pauni 19,000 na kitu, na wanataka pauni 2,000 za awali kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Mjomba anasema mama auze kiwanja chake, kuna mteja wa milioni 11. Nikifika kule nitafanya kazi nijilipie. Pia kuna kaka mmoja Tanga mjini ana ofisi ya kutafutia watu ufadhili. Anataka laki sita na nusu, anasema ana mtu ndani. Mama hana neno. Hati ameshaitoa kabatini, iko mezani kwenye bahasha ya kaki, na kila nikipita naiona.

Nimekuambatanishia barua niliyoombea ufadhili na bajeti yake. Nifanye nini?

Msomaji wako, Muheza

*

Marahaba mwanangu.

Kiwanja kisiuzwe. Nimelitanguliza hilo ili mama aendelee na shughuli zake wakati sisi tunazungumza.

Tupige hesabu ya mjomba. Milioni 11 kwa kiwango cha leo hazifiki pauni 4,000. Ukitoa 2,000 za awali unabaki na nauli na vijisenti, na mbele yako ada ya pauni 17,000 bado imesimama. Halafu kuna viza. Wanaotoa viza watataka kuona ada iliyobaki pamoja na pesa ya kujikimu ya miezi 9, ambayo hata nje ya London inapita pauni 10,000, na iwe imelala kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Juu yake kuna tozo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka, unailipa kabla hujapanda ndege. Hiyo ya “nitafanya kazi nijilipie” ilisemwa sana enzi za kina mjomba. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hazilipi ada hizo, labda chumba na chakula.

Na kuna mtoto, ambaye katika barua yako umemtaja mstari wa kwanza kisha ukamsahau. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya darasani haruhusiwi kwenda Uingereza na mtoto wake, isipokuwa akiwa na ufadhili wa serikali. Huenda mama yuko tayari kubaki naye. Muulize kwa maneno, usimsomee usoni.

Kupewa nafasi ya chuo si kupewa ufadhili. Wanafunzi wa kutoka nje ndio wanaoendesha vyuo vingi vya kule, kwa hiyo barua ya kukubaliwa wanaitoa kwa mkono mwepesi. Siwasemi vibaya, wana biashara yao. Waandikie kwa heshima, uwaombe wakusogezee nafasi hadi mwaka ujao ukiwa unatafuta ufadhili. Wengi hukubali. Wakikataa, hujapoteza kitu.

Yule kaka wa Tanga mjini sina maneno mengi juu yake. Ufadhili wa kweli haumtozi mwombaji ada ya kuomba, na mwenye “mtu ndani” angemweka ndani mdogo wake. Gharama halali zipo: pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000, kuna nakala za matokeo, pengine mtihani wa Kiingereza. Hizo unazilipa mwenyewe, dirishani, unapewa risiti.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu.

Unaanza hivi: “Malaria ni tatizo kubwa katika nchi za Kusini mwa Jangwa la Sahara.” Mwanangu, anayesoma maombi hayo analijua hilo kuliko wewe, na siku hiyo ameshalisoma kwenye barua nyingine thelathini. Aya ya pili unasema tangu utotoni umekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii. Aya ya tatu unataja masomo uliyosoma. Nilikuwa nakaribia kulala. Ndipo kwenye aya ya nne, katikati kabisa, kama mtu anayeomba radhi, umeandika kwamba siku moja mzee mmoja alificha mikono yake makwapani, akakataa kutobolewa, akakuuliza: “Damu ya wajukuu zangu mliyochukua mwaka jana ilikwenda wapi?” Na wewe ukakosa jibu kwa sababu kwenye kishikwambi halikuwemo.

Hapo nilikaa wima. Hiyo ndiyo barua, na umeizika chini ya sentensi ambazo kila mtu anazo.

Niliwahi kukaa kwenye kamati za kuchagua watu wa kupewa ruzuku, miaka kadhaa, na nitakwambia kinachotokea mle chumbani. Hatukuwa tunatafuta mhitaji zaidi, kwa maana wote ni wahitaji. Tulikuwa tunatafuta swali ambalo mtu akitoka nje kunywa chai bado linamsumbua. La mzee wako linasumbua. Maana mzee hakusema nyinyi ni wachawi, ameuliza swali la mhasibu: mlichukua mali, risiti iko wapi?

Wewe mwanahistoria unajua mumiani ina ukoo mrefu. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaieleza kama dawa nyeusi ya kunatanata mfano wa lami, iliyotumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maumivu, na watu wakanong'ona kuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Enzi za mkoloni, Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala, watu waliamini wazimamoto ndio wanaokamata watu usiku na kuwakamua. Na hapo hapo kwenu Muheza, kule juu Amani, Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza wakaigeuza makao ya utafiti wa malaria. Wenyeji wa wilaya yako wamekuwa wakihesabiwa, wakipimwa na kutobolewa vizazi kadhaa. Halafu jirani zenu wa Korogwe, pamoja na Bagamoyo na Kilifi, walikuwa miongoni mwa vituo 11 vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, kati ya 2009 na 2014, watoto 15,459 katika nchi saba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Ile haikuwezekana bila wazazi kukubali damu ya watoto wao ichukuliwe. Kwa hiyo daktari wako akicheka tena, mwulize mradi wake unakuwaje siku kijiji kizima kikificha mikono makwapani. Hilo linapimika: hesabu nyumba zilizokataa.

Elimu unayoitafuta ina jina, tuiite insia za tiba: historia, falsafa, lugha, maadili na anthropolojia zikiangalia ugonjwa na uganga wa kisasa. Na ina wafadhili. Aliye mkubwa kuliko wote ni Wellcome Trust ya London, iliyotokana na wosia wa Henry Wellcome, mwuza dawa mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1936. Mtu huyo alikuwa na wazimu wa kukusanya vifaa na vitabu vya historia ya tiba, ndiyo maana mfuko wake hadi leo unalipia maabara na unalipia wanahistoria pia. Mfuko huo huo ndio umekuwa ukiutegemeza utafiti wa KEMRI-Wellcome (KEMRI ni taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) pale Kilifi tangu 1989. Mwalimu wako wa historia na daktari wako wa mradini, kila mmoja anakutuma kwa mwenzake, na kumbe kuna mfuko mmoja unaowalisha wote wawili.

Lakini usikimbilie kuomba huko. Ndiko ulikoomba mara ya kwanza, naona kwenye barua yako, na ndiyo sababu hukujibiwa chochote cha maana. Dirisha lao la watafiti wanaoanza linamtaka mtu mwenye PhD au uzoefu unaolingana nayo. Uliingia duka la matairi kununua mkate. Soma masharti kabla hujaandika neno moja, hasa ule mstari wa nani anaruhusiwa kuomba. Taasisi za Tanzania zinaruhusiwa, wewe bado. Likumbuke kwa baadaye.

Kwa masta ya Uingereza, milango yako ni miwili. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola uitwao Commonwealth Shared Scholarships, uliowekwa kwa watu wa nchi kama yetu wasio na uwezo wa kujilipia. Wanataka daraja la pili la juu, na GPA yako ya 3.8 iko humo. Unalipiwa ada, nauli na posho. Kasoro yake ni kwamba unaomba kozi zilizomo kwenye orodha yao ya mwaka huo tu, na kozi ya historia ya tiba hutaikuta kirahisi. Tafuta za afya ya jamii zenye kipengele cha anthropolojia, kisha tasnifu yako uipeleke unakotaka. Mada zao sita za maendeleo mojawapo ni kuimarisha mifumo ya afya, na swali la mzee linakaa hapo bila kusukumwa.

Mlango wa pili ni Chevening, wa serikali ya Uingereza. Hawa wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na wao wanauhesabu kwa saa, 2,800. Wewe umekuwa ukiona aibu kwa mikataba yako ya vipande. Toa mikataba yote, piga hesabu ya wiki kwa saa za kila wiki, ujumlishe. Nadhani unazifikia. Utachagua kozi tatu, na ukimaliza utarudi nyumbani ukae si chini ya miaka miwili. Dirisha hufunguliwa karibu na Agosti na halikai wazi muda mrefu.

Ulaya bara kuna Erasmus Mundus, posho ya yuro 1,400 kwa mwezi, masta inazunguka nchi mbili au zaidi. Nzuri, ila kwa mwenye mtoto wa miaka 4 sikushawishi.

Kama ningekuwa wewe, hata hivyo, ningeanzia nyumbani, na sisemi hivyo kukufariji. Pesa nyingi za utafiti wa afya hazitangazwi kama ufadhili wa masomo. Zinakaa ndani ya miradi. Mtafiti mkuu anapewa ruzuku ya miaka mitano, humo ndani kuna fungu la kusomesha mtu mmoja au wawili wa masta, na mtu huyo hupatikana kwa kuwa alikuwa karibu na aliuliza. Wewe umekuwa karibu nao miaka miwili na ushee. Umeuliza? Umemwuliza daktari mmoja, akacheka, ukaondoka. Rudi, lakini safari hii nenda kwa mtafiti mkuu mwenyewe au anayeshughulikia ushirikishwaji wa jamii, kwa sababu wafadhili wengi siku hizi wanauliza fungu la ushirikishwaji linafanya nini, na watu wa mradi mara nyingi hawana cha kujibu zaidi ya mikutano ya kijiji na soda. Mpelekee ukurasa mmoja. Juu kabisa weka swali la mzee, chini yake andika ungefanya nini kulijibu kwa miezi 12 na kwa shilingi ngapi.

Sikufichi kwamba wakati ni mgumu. Mei 2025 taasisi za afya za Marekani, NIH, zilisimamisha utaratibu wa zamani wa kupitishia ruzuku kwa washirika wa nje, na USAID ikafungwa Julai mwaka huo. Miradi mingi ilitikisika, usishangae ukiambiwa subirini. Ndiyo maana nataka uwe na zaidi ya mlango mmoja.

Pa kusajiliwa pawe wapi? Muhimbili wana masta ya maadili ya tiba, na mada ya ridhaa na damu ni yao kabisa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Ndaki ya Insia na idara ya historia. Ungeniuliza mimi, ningesajiliwa historia, nikawa na msimamizi wa pili kutoka Muhimbili. Hapo wale wawili wanaokurushiana kama mpira wanalazimika kukaa meza moja, na ombi lako linasomeka vizuri kwa mfadhili wa upande wowote. Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa ni ya shahada ya kwanza, hapo hukudanganywa.

Ukishasajiliwa, vijito vidogo vinafunguka ambavyo watu wa afya hawavijui kabisa. CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii Afrika, imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu. Nairobi kuna taasisi mbili, ile ya Wafaransa iitwayo IFRA na ile ya Waingereza, British Institute in Eastern Africa, ambazo zimekuwa zikisaidia watafiti vijana wa insia katika ukanda huu na pesa za uwandani. Haziwezi kukulipia ada. Zinalipa basi la Muheza, chumba cha kulala Dar wiki tatu ukisoma mafaili kwenye Nyaraka za Taifa, na kunakili kurasa. Kwa mwanahistoria hiyo ndiyo maabara.

Bajeti uliyoambatanisha ilinichekesha kidogo, samahani. Umeandika “laptop, simu, vifaa vya ofisi, dharura.” Mfadhili akiona “dharura” anaona harusi ya binamu. Andika vitu vinavyoonekana: siku ngapi nyarakani, mahojiano mangapi, nani atayanukuu na kwa siku ngapi, ada ya kibali cha maadili, kwa kuwa utahoji watu kuhusu afya na lazima upite kwenye kamati ya chuo au ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kibali hicho huchukua miezi, kianze mapema. Na weka mstari mmoja ambao wengi huusahau: gharama ya kurudi kijijini kuwaambia watu ulichokipata. Kwa mada yako huo si mstari wa hiari. Mzee atakuuliza tena.

Barua za wadhamini: usimwandikie mwalimu siku tatu kabla ya dirisha kufungwa ukamwambia “naomba reference sir”. Mpe wiki sita, mpelekee ombi lako, matokeo yako na mambo mawili unayotaka ayataje. Walimu ni wavivu kama watu wengine, ukimrahisishia ataandika vizuri. Mmoja wa wadhamini awe msimamizi wako wa uwandani, aliyekuona ukitembea juani na ukirudi na fomu zilizojaa.

Na jina la mzee usiliandike popote, wala kijiji. Andika “mzee mmoja wilayani Muheza”, yatosha.

Nitumie barua mpya kabla hujaipeleka kwa mtu yeyote, ianze na mikono makwapani. Nisalimie mama, umwambie bahasha ya kaki airudishe kabatini.

Shangazi